Ming'oko ya Mpakani

Mwalimu mwenzangu Yasinta, wa hapa Lulindi, ana neno lake la Kiingereza ambalo kila kidato cha kwanza lazima kilipitie: company. Wanafunzi hujua ni kampuni, basi. Yeye huwarudisha nyuma. Ni kikosi cha askari pia, huwaambia, ni wageni waliokuja nyumbani, ni mtu wa kukuondolea upweke tu. Ndiyo maana vijana wa Masasi mjini husema "nipe kampani". Lakini mzizi wake ni Kilatini, maneno mawili: pamoja, na mkate. Mwenzako ni yule unayekula naye.

"Sisi tungesema ming'oko," humalizia, akitaja mizizi ya porini tunayochimba na kuchemsha huku kwetu, na darasa hucheka.

Hakuwa akitania. Yeye na jirani yake Rukaiya walipopanda mkorosho wa kuonyesha mpaka wa mashamba yao, walifanya kama wazazi wao: hawakuandikishana popote, waliketi palepale penye shimo wakala ming'oko ya kuchemsha katika bakuli moja. Aliyekula ndiye shahidi. Tangu hapo walikula pamoja Idi na Krismasi, Myao na Mmakua, wakitaniana mpaka wapita njia wakadhani wanagombana.

Mwaka jana Hamidu, mkwe wa Rukaiya, alidai mikorosho ya upande wa Yasinta ni yake. Mikorosho hiyo ndiyo Yasinta aliyoitegemea akistaafu. Wala hakuhangaika. Alikwenda kwenye baraza la ardhi mikono mitupu, akamtaja shahidi wake.

Rukaiya akasimama, macho chini. "Mimi sikuwepo," alisema. "Sikula kitu pale."

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, na mpaka leo damu inanichemka. Afadhali hata angesema amesahau! Baraza likampa Hamidu mikorosho. Yasinta alijikaza njia nzima, tukafika kwake, ndipo akalia.

Siku chache baadaye Rukaiya akaja kwa Yasinta na bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Mama Felix, nimekuletea ming'oko. Yule ni mume wa mwanangu Pili. Ningefanyaje, dada?"

Yasinta alimpa kiti, kama anavyompa mgeni yeyote. Bakuli hakulifunua.

"Rudi nayo, Mama Pili. Mimi na wewe hatujawahi kula pamoja. Ulisema mwenyewe, mbele za watu."