Waridi la Kifungo

Shangazi yangu hakuwa mchawi, na ningependa hilo lieleweke mapema, kwa sababu mtaani kwetu wapo waliolisema kwa miaka, tena maua yake yakiwa yamejaa vibarazani mwao. Alikuwa muuza mawaridi. Si yale marefu ya kufungwa kwenye karatasi na kupelekewa wachumba; hayo aliyaita maua ya kufa. Yeye alikuza mawaridi madogo ya nyumbani, ya kukaa kwenye kopo la rangi au pembeni mwa ngazi, na watu wote walimwita Bi Kopo.

Kumchagulia mtu waridi haikuwa kazi ya mchezo kwake. Mteja akija akanyooshea kidole ua lililomvutia, Shangazi alimwacha anyooshe weee, halafu ndipo anaanza maswali. Jua linaingia kwako upande gani? Ukuta ni wa saruji au wa bati? Nani anafua, na maji ya sabuni anayamwaga wapi? Mwenye mtoto anayetambaa hakupewa la miiba mikali hata apige magoti. Aliyesema husafiri mara kwa mara alirudi mikono mitupu, akiwa ameshauriwa atafute la plastiki. Nilikuwa nacheka nikimsikia. Mimi nilishona mapazia kwenye chumba chake cha nyuma, dirisha likitazama bustani, na wateja wangu nawaambia wachague wanachotaka mradi wasirudi kunilalamikia.

Kichaka kimoja tu hakikuuzwa. Kilikuwa kwenye kona, karibu na bomba, na kilikuwa cha binti yake.

Binamu yangu huyo tulimwita Kifungo, kwa kuwa alizaliwa mdogo kupita kiasi na hakuwahi kuufidia udogo wake. Mama alikuwa na jicho la kuchagua; Kifungo alikuwa na mkono wa kisu. Yeye ndiye aliyekuwa akibebesha. Anachukua jicho la waridi zuri, yaani kile kichipukizi kilicholala kwenye tawi, analichomeka chini ya gome la waridi la mwituni lenye mizizi sugu, kisha anafunga kwa ukanda wa nailoni. Likishika, la mwituni linabeba na zuri linachanua. Lile la kona alilipata hivyo. Lilitoa maua ya rangi ya chungwa lililoiva, madogo ya kutosha kupita kwenye tundu la kifungo, na miiba yake ilichana gauni. Watu walikuja kuliomba na hakumpa mtu, alisema bado analijaribu.

Kisha akaugua homa, na haikuchukua hata juma, akaondoka duniani. Asubuhi ya siku aliyoanza kutetemeka alikuwa amegombana na mama yake bustanini. Sote tulisikia sauti zao, maneno hakuna aliyeyasikia. Kifungo aliweka kisu chake kwenye ukingo wa dirisha, akaingia ndani kulala, asikishike tena. Alimwacha mtoto wa kike ambaye alikuwa bado ananyonya.

Kisu kilibaki pale pale. Shangazi alikataa kiondolewe, na alikataa chuma cha aina yoyote kiguse kichaka cha kona. Mengine yote aliyapogoa kila msimu kwa mkasi wake, lakini lile la Kifungo, hapana. Misimu michache baadaye likachanua jeupe.

Nilikuwapo. Halikuwa limepauka, lilikuwa jeupe kabisa, jeupe la pamba ya hospitali. Shangazi alikaa chini kwenye matope na nguo zake za kutokea.

"Amerudi," akaniambia, "na hajanisamehe. Ona alichovaa."

Tangu siku hiyo alilisalimu kila asubuhi. Alitoka na vigoda viwili, kimoja akakikalia, kingine akakiweka wazi upande wa pili wa kichaka. Akalipasha habari: mtoto amejua kuongea, mtoto ameanza shule, mtoto ana ukaidi wako. Miaka ilivyokwenda maua yalizidi, yakawa yanakuja kwa vichala, na Shangazi akasema siku hizi haji peke yake. Miiba nayo ikapungua, ukawa unaweza kupitisha kiganja kwenye shina lote. Hilo ndilo lililomliza zaidi. Kifungo wake hakuwahi kuwa mpole kiasi hicho, alisema, na yeye angempokea hata na ule mdomo wake.

Majirani wakaanza kupita ng'ambo ya barabara. Mimi si mtu wa mizuka, na nina ulimi ambao Mungu alisahau kuutia breki. Nilimwambia Shangazi mara nyingi kwamba anaongea na majani. Lakini sitasema uongo hapa. Alasiri, nikisimamisha cherehani kubadili uzi, nilikuwa nasikia nyuma ya dirisha: kach. Kisha kimya, kisha tena, kach. Kisu kikipita kwenye tawi bichi. Nikiinua kichwa, bustani ni tupu na kile kigoda kiko pale. Nilijiambia ni bawaba ya dirisha, nikajiambia kwa sauti, halafu nikawasha redio.

Yule mtoto Shangazi alimlea mwenyewe, akakua, akawa fundi simu. Ana vidole vya mama yake, vya kushika skrubu ambayo wewe na mimi hatuioni. Alipopata chumba chake chenye kibaraza akaja kwa bibi yake kuomba waridi. Shangazi alifurahi mpaka akasahau chai jikoni. Akaanza: jua upande gani, maji wapi, ukuta gani. Mjukuu alijibu yote kwa heshima, kisha akasema anataka la mama yake.

Shangazi akamwonyesha kona. Mjukuu akatikisa kichwa. Alitaka la rangi ya chungwa, lile ambalo Kifungo amelichomeka sikioni kwenye picha ya sebuleni.

"Hilo jeupe ndilo mama yako," Shangazi akamwambia.

"Huyo simjui, Bibi. Hata wa kwenye picha simjui, lakini yeye angalau anacheka."

Shangazi akasema la chungwa halipo tena, na hilo lililopo halikatwi hata tawi. Hapo binti wa watu akasimama. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. Alisema amekulia kwenye nyumba yenye kigoda asichoruhusiwa kukalia, na sasa amechoka kusimama. Akaaga, akaenda zake. Baada ya hapo akawa anapiga simu za salamu tu, fupi, na kuja haji. Kila Jumapili Shangazi alipika chakula cha wawili kikabaki. Nikaona wazi kwamba huyu mama atampoteza aliye hai kwa ajili ya aliyekufa, na hasira zikanipanda.

Nilimfuata bustanini asubuhi moja, nikafanya ambacho hakuna aliyekifanya miaka yote hiyo: nikakaa kwenye kile kigoda. Shangazi akanitazama kama nimemkalia mtu. Nikamuuliza, siku ile mligombania nini?

Akasema halikuwa jambo la maana. Nikamwambia aniambie hilo lisilo la maana.

"Alitaka kukata machipukizi ya chini," akasema. "Yalikuwa yametoka mazuri, marefu, nami nikamwambia aache uroho wa kisu, kitu kinakua wewe unakikata. Ilikuwa ubishi tu. Akanijibu, 'Mama, hayo si yangu. Usipoyakata yatalimaliza langu.' Nikamwambia bustani ni ya..."

Hakumalizia. Nilimwona anageuka kukitazama kichaka, akianzia juu kwenye vichala vyeupe na kushuka polepole mpaka mguuni. Waridi la mwituni huchanua jeupe. Huchanua kwa vichala, na miiba yake si ya kutajwa. Shangazi aliyajua hayo kabla mimi sijazaliwa. Kila mteja aliyetoka na kopo getini kwake alifuatwa na sauti yake: yakitoka ya chini, yakate, hayo ni ya mbebaji, yataua ua lako. Aliwaambia watu wote. Kwake mwenyewe, kwenye kichaka hicho kimoja, msiba ulikuwa umemfunga macho.

"Nilikuwa namsalimia nani?" akaniuliza.

Nikaingia ndani kumpigia mjukuu simu, nikamwambia aje.

Mjukuu alikuja mchana huo huo na kimkoba chake cha vifaa. Shangazi alitaka kukata mwenyewe. Alishika mkasi mkubwa, akaanza na mashina ya nje, chini kabisa, akilia bila kujificha. Aliyaomba radhi moja moja, maana kosa halikuwa lao na yalikuwa yamemsikiliza miaka mingi. Maua meupe yalijaa chini mpaka tukawa tunayakanyaga. Katikati, pasipofika jua, tukakuta shina moja la kijivu, jembamba, limekauka juu. Shangazi akalikwangua kwa ukucha: kavu. Akashuka kidogo: kavu. Akaingiza mkono mpaka karibu na udongo, na mara akaurudisha kwa nguvu. Kidole kilikuwa kinatoka damu.

Akakinyonya, akaanza kucheka huku machozi yanashuka. "Huyu ndiye," akasema.

Pale lilipomchoma, chini ya gome, palikuwa na ubichi, na macho machache yaliyolala. Mimi nilikwenda kuleta kisu cha Kifungo. Kilikuwa kimeshikana na rangi ya dirisha, nikakibandua na kikaacha umbo lake pale. Tulikinoa. Lakini Shangazi hakuwa na mkono wa kisu, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda kimoja, mjukuu akakaa kwenye cha pili, na bibi akaelekeza kwa mdomo. Chana gome hapa, sasa mlalo, usifike kwenye mti wa ndani. Inua taratibu. Telezesha jicho, lisiguse mate wala jasho. Funga. Walilibebesha kwenye kopo, juu ya chipukizi changa la mwituni lenye mizizi yake. Yule mbebaji tuliyemkata ndiye tuliyempigia magoti tena.

Jicho la kwanza likawa jeusi, na la pili nalo. Shina la zamani lilikuwa limeshaanza kunywea kwa kuchanwachanwa, na lilikuwa limebaki jicho moja la kutumaini. Shangazi siku hizo hakula vizuri. Alikuwa ananiuliza, kama ningejua mimi, itakuwaje kama amemmaliza sasa hivi kwa mkono wake, baada ya kumficha muda wote huo. Mjukuu aliacha simu za watu mezani akaja kulichomeka hilo la mwisho. Walifunga wote wawili, kidole cha bibi kikishikilia fundo. Likashika, na kopo likaenda kibarazani kwa mjukuu. Lile la zamani lilipokufa tukaling'oa, na kwenye kona ya bomba pakabaki shimo.

Mjukuu alipotupigia simu kwamba limechanua, tulikwenda na Shangazi asubuhi. Lilikuwa ua moja, la rangi ya chungwa lililoiva, dogo la kupita kwenye tundu la kifungo. Mjukuu alikuwa amesimama kando, anamtazama bibi yake kuliko ua. Shangazi hakulisalimu. Aliinama akatazama chini, mguuni, kwa mazoea ya kazi. Pale, chini ya mahali walipofunga, lilikuwa limetoka chipukizi laini, la kijani, zuri kwa kweli.

"Uliniambia," akaliambia ua. "Uliniambia nikate, nikakuona mkorofi."

Kisha akanyoosha mkono, mjukuu akampa kisu, akakata. Kach.

Ni sauti ile ile. Niliijua pale pale, na nywele zilinisimama mchana kweupe. Nimerudi kwenye chumba changu cha nyuma, nashona mapazia, na alasiri nikibadili uzi huwa nasubiri kidogo kabla ya kuendelea. Sijaisikia tena. Na ile bawaba ya dirisha sijawahi kuitia mafuta.