Bunduki Iliyoapiwa Kuwa Tupu

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nishikapo mwavuli, mwanangu, nami ningeendelea kuificha kwa aibu lau si ile simu uliyonipigia Jumapili. Uliniambia kwamba katika jimbo unaloishi sasa, huko ng'ambo ya mpaka wa Kanada, unajadiliwa mswada wa kumtaka kila anunuaye bunduki ahudhurie kwanza mafunzo ya usalama. "Nitanunua yangu kabla haujapita, Mjomba," ukasema ukicheka. "Mimi si mtoto wa kukalishwa darasani." Nyuma yako nilimsikia Rehema, binti yako wa miaka mitatu, akifungua na kufunga makabati. Nikakuaga tu. Leo nasema.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mgeni wa Toronto, na wenzangu wa kiwandani walikuwa wamenialika kwenda kaskazini kuwinda kulungu. Hapa Kanada leseni ya bunduki haipatikani bila mafunzo, basi Jumamosi moja nikajikuta katika ukumbi mdogo karibu na njia panda ya Jane na Finch, viatu vya theluji vimepangwa mlangoni, nami nimevimba kwa dharau. Nilikuwa nimepita JKT! Jeshi la Kujenga Taifa lilinifundisha kuifungua bunduki na kuifunga nikiwa nimefumba macho. Mkufunzi yule mwenye miwani angeniongezea nini?

Jirani yangu wa benchi alikuwa Mzee Nurali, Muismaili wa Tanga, aliyekuwa na duka la vitambaa kabla ya kuhamia huku. Marehemu shemeji yake alikuwa amemwachia bunduki, na sheria ilimtaka asome kabla ya kuipokea. Alitembea kwa mkongojo, aliandika kila neno, na aliuliza maswali mengi hata nikaona haya kwa niaba yake.

"Mzee," nikamnong'oneza, "haya si mambo ya kuandika. Ni mazoea tu."

"Ndiyo maana nimekuja, kijana," akajibu bila kuinua kalamu. "Mazoea nayaogopa."

Ukafika mtihani wa vitendo. Bunduki za darasani zilikuwa zimekufa. Mitutu yake ilizibwa, hata punje ya mtama isingepita. Nikaiinua yangu kwa madaha ya gwaride, nikageuka, na mtutu ukapita mbele ya kifua cha Mzee Nurali, kidole changu kimelala kwenye kifyatulio.

"Iweke chini," mkufunzi akasema. "Umeshindwa."

"Kwa bunduki iliyozibwa?" nikafoka. "Hii ni tupu!"

Mzee Nurali akaigonga nyonga yake ya kushoto kwa mpini wa mkongojo, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Tanga, "Hata iliyonivunja hapa ilikuwa tupu, kijana. Kaka yangu aliyeishika aliapa. Baba aliapa. Hadi leo hakuna aliyeniambia risasi ile ilitoka wapi."

Sikupata pa kuuweka uso wangu. Lakini mzee yule hakuniacha na aibu yangu. Alinialika kwake, na kwa wiki tatu nikafanya mazoezi sebuleni mwake, mkongojo uleule ukiwa ndio bunduki. Kila ncha yake ilipomwelekea mkewe, aliyekuwa akishona kando ya dirisha, mzee alipiga ukelele: "Mtutu!"

"Nurali," mama yule akalalamika siku moja, "miaka arobaini nimeishi nawe salama, leo niuawe kwa fimbo yako mwenyewe?"

Tulicheka hadi machozi. Mara ya pili nilifaulu. Tangu hapo hata mwavuli naubeba ncha ikitazama chini. Nawe ulipokuwa mdogo, pale ghorofani tulikoishi mtaa wa Dixon hapa Toronto, ulizoea kuniiga kwa ufagio na kunicheka.

Mwanangu, mdharau mwiba mguu huota tende. Tena wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nakupa nyongeza niliyoipata kwa Mzee Nurali: kwa bunduki, guu livunjikalo huwa la mwingine. Kaka yake alizeeka na miguu yake yote miwili mizima.

Sikukatazi kumiliki, u mtu mzima, na nyumba ni yako. Ila usikimbie dukani kuiwahi sheria, wala usingoje ikulazimishe. Wakubwa wenu waupitishe mswada au wautupe, Rehema atafungua makabati vilevile. Soma kwanza, ndipo ununue. Kisha uifungie mahali asipoweza kufika, na risasi zikae mbali nayo. Chagua Jumamosi yoyote. Nitaendesha gari hadi kwako, nishinde na mjukuu wangu wakati wewe uko darasani, na jioni utanionyesha kwa ufagio ulichojifunza.

Mungu akutunze, mkono wako usiitangulie akili yako, na amjalie Rehema azeeke na miguu yake yote miwili. Amina.