Ukifungwa, Kaufuate Mwenyewe

Enzi zetu pale Korogwe, golikipa hakuchaguliwa, alihukumiwa. Kama hujui kucheza, na mpira si wako, unasimama kati ya ndala mbili. Mimi nilikuwa sijui, tena mnene, basi golini moja kwa moja. Nyavu hatukuwa nazo, na sheria ilikuwa moja: ukifungwa, unaufuata mwenyewe. Mpira wetu wa matambara ulipenda sana jiko la mama. Siku moja ukatua kwenye chungu cha maharage, mama akanishika sikio. "Umefungwa wewe, kaufuate wewe!" Nikautoa kwa mwiko, mchezo ukaendelea. Maharage tuliyala vilevile.

Ndiyo elimu niliyokuja nayo Dubai. Nilikuwa nagawa viatu vya kutelezea kwenye uwanja wa barafu, ndani ya jengo la maduka, huku nje jua linakausha mate mdomoni. Golikipa wa timu yao ya hoki alipohama, arbab, yaani bosi wangu, akanipima kwa macho. "Wewe mpana. Yalla, simama pale." Jamani, nimevuka bahari nikawekwa golini kwa sababu ileile! Hoki ya barafu haina mpira, ina kisahani cheusi kigumu. Nilipofungwa bao la kwanza nilitoka mbio nyuma ya goli kukitafuta, kumbe kimelala kwenye nyavu. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Miaka yote nikilipwa kwa ugolikipa, mama aliwaambia majirani nauza barafu. Nikimwambia kwenye simu, "Mama, nacheza kwenye barafu," ananijibu, "Zidisha ubuyu, watoto wanapenda." Iliniuma. Nilitaka anione walau mara moja kabla magoti hayajanistaafisha, nikamleta kwenye mechi yangu ya mwisho.

Akaja na kanga tatu juu ya sweta, meno yanagongana. Mwishoni nikafungwa. Mama akasimama: "Umefungwa wewe, kaufuate wewe!" Hakuna aliyeelewa ila mimi. Nikakiokota kisahani mwenyewe, nikilia ndani ya kofia. Aliporudi Korogwe akawatangazia majirani, "Hauzi barafu. Bado anafungwa."

Siku hizi nafundisha hoki watoto wa Jumeirah Village Circle, mtaa wa hapahapa Dubai. Golikipa wangu ana vifaa kushinda zahanati yetu. Akifungwa, babake anadai video, mamake anadai niombe radhi, yaya anaingia na juisi. Juzi kafungwa, akaniuliza, "Kocha, nani kakosea?" Nikafungua mdomo nimjibu kama mama yangu. Tangu tumzike, maneno yale hayanitoki mdomoni. Nikaenda kukiokota mimi.