Mkia wa Ndege ya Sindeni

Si mchwa. Mkia wa ndege kwenye picha ya baba niliukata mimi, kwa mkasi wa mama wa kushonea. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewasingizia mchwa wa kijiji chetu cha Sindeni, ambao nadhani ni mchwa pekee nchini wanaokula kwa mstari ulionyooka.

Sababu ilikuwa mbuzi. Nilikuwa naanza sekondari ya bweni Korogwe, nikataka wenzangu wajue kwamba baba yangu hakuwa mkulima wa mtama tu, bali mtu wa ndege. Chini ya mkia walisimama mbuzi watatu wa jirani, mmoja akikojoa. Nikauondoa mkia pamoja na mbuzi wake.

Ndege ile ilikuja mwaka ambao kwelea kwelea walivamia mtama wa kijiji cha ujamaa. Ilitua kwenye kiwanja cha mpira. Baba alimwongoza rubani kwa miguu hadi kwenye matete walikolala wale ndege waharibifu, kisha waliporudi kiwanjani bwana shamba akawapiga picha kwenye ndege. Alasiri tuliamriwa tufunike vyungu na kujifungia ndani mpaka dawa imalize kupulizwa, kwa hiyo tulisikia ngurumo tu. Baba aliporudi alisema kwamba kabla ya kazi rubani alimzungusha angani mara moja, kwa shukrani.

"Niliiona nyumba yetu kule nyuma," alisema, "ikipungua mpaka ikawa kama kibuyu."

Mjomba, kaka yake mama, akamdaka hapo hapo.

"Shemeji, ndege huenda mbele au kinyumenyume?"

"Mbele."

"Sasa nyumba ya nyuma uliionaje? Una jicho kisogoni?"

Mama alicheka kuliko wote. Tangu siku ile kijiji kizima kilimwita baba rubani wa kisogo. Alisimulia hivyo hivyo hadi tulipomzika, hakubadili neno.

Miaka mingi baadaye mama, ambaye sasa anaishi nami Korogwe, aliitoa picha sandukuni.

"Nataka kujua kama nilimcheka bure," alisema. "Nikikutana naye huko nitamwambia nini?"

Mimi mwenye shahada mbili nikajitwika kazi. Niliazima vitabu vya ndege za zamani, nikajifunza kutazama bawa limekaa juu au chini, nguzo zake ngapi, injini ya duara au ya kulala. Kwa wiki mbili niliapa kwamba ndege yetu ni ya kiti kimoja, yaani baba alitudanganya. Kisha nikagundua kuwa nimekuwa nikilinganisha injini ya ndege nyingine. Na kila kitabu kilinishauri jambo lile lile: anzia mkiani.

"Mchwa hawa!" nilimwambia mama, bila haya.

Mwishowe nilielekezwa kwa fundi mstaafu wa ndege, Tanga mjini, nikamtumia picha. Alipiga simu tukiwa tunakula bada, ugali wa muhogo, na mlenda. Nikaweka spika.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kwanza niambie, nani aliyeikata picha hii kwa mkasi?"

Mama akaacha kutafuna.

"Ningeuona mkia ningekujibu siku ile ile," fundi aliendelea. "Bahati nzuri mzee ametusaidia. Tazama mguu wake. Amekanyaga kikanyagio cha nyuma ya tairi. Rubani hupandia mbele. Hicho ni cha kiti cha fundi, nyuma ya tangi la dawa. Ndege za aina hiyo zilikuja chache sana, wengi hawazijui. Mimi kiti hicho nimekikalia."

Mama akaisogelea simu. "Fundi, anayekaa hapo anatazama wapi?"

"Nyuma, mama. Kiti chenyewe kimegeuzwa. Mkipaa, unaviona vyote mlivyoviacha vikipungua."

Mama alinawa mkono, akaufuta kwenye kanga, akaishika picha. Alinitazama mara moja tu, na nikajua kwamba habari ya mkasi ina siku yake.

"Mwambie arudie," alisema. "Polepole."

Fundi akarudia.