Daftari la Moyale

Priscilla Wakesho, muuguzi wa Walthamstow, aliisubiri barua hiyo miaka ishirini na mitatu. Makumbusho moja ya vita hapo London yalitaka daftari la babu yake, askari aliyewapigania Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia jangwani Moyale, mpakani na Ethiopia, akaandika humo majina ya wenzake thelathini na mmoja aliowazika mchangani.

Aliwakumbuka vizuri watu wa makumbusho hayo. Miaka hiyo ishirini na mitatu nyuma, baba yake aliwapelekea daftari hilohilo, akaomba majina yachongwe kwenye ukuta wao wa kumbukumbu. Walimwambia huo si ushahidi, wala hawakulifungua. Mzee alirudi Taita, akafa na kinyongo chake.

"Chongeni kwanza," Priscilla alimwambia msimamizi kwenye simu, akamsomea majina yote, herufi kwa herufi.

Walichonga. Siku ya uzinduzi Priscilla alipitisha kidole juu ya kila jina, asiruke hata moja. Kisha akatoa daftari mkobani na kulifungua mbele ya msimamizi, ambaye alikuwa amekwisha kuvaa glavu nyeupe.

"Liangalie vizuri," alisema. "Baba yangu hamkumpa hata dakika moja."

Akalifunga, akalirudisha mkobani.

"Lakini Bi Wakesho, tulidhani utatuachia!"

"Baba naye alidhani mtampokea."

Aliuendea mlango polepole, makusudi, ili wamwone anavyoondoka nalo. Moyo ulimtulia kwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba yake, wala hakuona haya.