Siku ya Kusiriba Nyumba ya Mama

Kila mwaka kabla ya mvua nafunika cherehani yangu pale mjini Iyunga, nafunga kibanda, napanda milima kwenda kwa mama. Siendi kutembea, naenda kusiriba nyumba. Kwetu nyumba ya matofali mabichi haiachwi iingie kwenye mvua na tope la mwaka jana. Wanawake majirani wanakuja pamoja, wanakwangua lile lililopasuka, wanapaka jipya, na mwenye nyumba anapika. Wiki hii kwako, wiki ijayo kwa mwingine. Ukijifanya unaumwa mgongo siku ya mwenzio, yako utaisiriba peke yako na huo mgongo wako.

Kijiji chetu kiko nyuma ya mji ambao zamani ulikuwa wa machimbo. Siku hizi mji wenyewe ni maduka machache na majengo yasiyo na paa. Wenye mgodi walipoondoka waliacha vilima vya mchanga, ule waliousaga, wakatoa dhahabu yao, wakautupa. Sisi tunauita marudio. Baba zetu waliusomba kwa mkokoteni wa ng'ombe kwa sababu ulikuwa wa bure, na ukiuchanganya na udongo tofali halipasuki. Basi kijiji kizima kimejengwa kwa marudio: nyumba, vyoo, hata mabanda ya nguruwe.

Halafu miaka ya hivi karibuni wakaja watu na mitambo ya kuosha upya mchanga ule, maana kumbe dhahabu ilikuwa haijatoka yote. Wakavila vile vilima mpaka vikaisha. Vilipoisha, mnunuzi mmoja akaanza kupita kijijini na pikapu, anatazama kuta za watu kama mtu anayechagua mbuzi mnadani.

Hayo niliyasikia kwa simu, nikacheka mpaka machozi. Nikamwambia mama, "Kumbe baba alikuwa analala ndani ya utajiri, na amekufa na suruali ya viraka!" Mama hakucheka. Nikadhani ni mtandao tu unasumbua.

Safari ya kusiriba iliyofuata nilibeba mchele wa Chimala na dagaa, nikalala kwa mama, na asubuhi kabla sijanawa uso nasikia hodi. Wanawake wamefika! Nilishangaa, kwa sababu majirani zetu nawajua. Siku ya kusiriba unawaita mara ya kwanza, unawaita mara ya pili, wanakuja jua limeshawaka wakiuliza kama chai ipo. Siku hiyo walikuja wenyewe, na kila mmoja ana ndoo.

Aliyetangulia ni jirani wa ng'ambo ya mfereji. Mimi namwita mama mdogo, ingawa si ndugu wa damu. Ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni mama akiwa shambani. Ukuta wa nyumba yake ulianguka mvua zilizopita, na tangu hapo alikuwa analala jikoni kwake, pamoja na kuku. Nilimwonea huruma mno. Nikampa kitenge kipya nilichokuwa nimejiletea mwenyewe.

Nikawasha moto nikabandika maji. Huku napepeta mchele, nasikia majembe kwenye ukuta: kwa, kwa, kwa. Nikageuka nikaona wanachimba hasa, siyo kukwangua. Nikasema, "Mama mdogo, mbona mmefika kwenye tofali?"

"Mchwa, mwanangu," akajibu bila kugeuka. "Tope la zamani limejaa mchwa. Lazima litoke lote."

Wenzake wakaitikia, eeh, mchwa, mchwa. Nikaamini. Mimi na maisha yangu ya mjini, najua nini kuhusu mchwa? Wakajaza ndoo, wakajitwika, wakaenda kumwaga, wakarudi, wakajaza tena. Zamani tope lile lilimwagwa palepale nyuma ya choo. Nikauliza linakwenda wapi, nikaambiwa kuna shimo linafukiwa. Sawa. Baadaye wakakanyaga udongo mpya, wakapaka, wakalainisha kwa viganja mpaka nyumba ikapendeza. Wakala wali, wakashukuru, ndaga, ndaga, Mungu akuzidishie. Nikapiga picha ya nyumba nikaiweka kwenye status.

Kesho yake nikaenda barabarani kununua sukari. Pikapu ya mnunuzi ilikuwa imeegeshwa mbele ya duka, na wanawake wamejipanga foleni na ndoo zao. Nikawa napita zangu. Ndipo nikaona ndani ya ndoo moja mabonge yenye rangi ya bluu.

Jamani. Bluu ile naijua. Ni chokaa ambayo mimi mwenyewe nilimnunulia mama, kijiji kizima hakuna mwingine mwenye ukuta wa bluu. Nikatazama ndoo ya pili, bluu. Ya tatu, bluu. Na mwenye ndoo ya kwanza alikuwa mama mdogo, kajifunga kile kitenge changu.

Nilichoka. Walikuwa wanauza nyumba ya mama yangu kwa ndoo, asubuhi kweupe, na wali wangu bado uko tumboni mwao! Hakuna aliyekimbia wala kukana. Waliinamisha tu nyuso. Hata shikamoo sikumpa mama mdogo. Nikageuza njia, nikarudi nyumbani mbio, sukari sikununua.

Mama alikuwa uani chini ya mparachichi anachambua maharage. Nikaanza kupiga kelele nikiwa bado njiani. "Mama! Wezi hawa! Hawakuja kusiriba, wamekuja kuiba ukuta! Twende kwa mwenyekiti sasa hivi!"

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilijua walipopiga hodi. Watu wakija mapema vile wamefuata marudio."

"Na ukaniacha niwapikie?"

"Sasa wangekula nini?"

Mungu wangu. Nilimtazama mwanamke yule aliyenizaa nikaona simjui. Nikamuuliza kama amechoka kuishi, kama anataka ukuta umwangukie usingizini. Akaendelea kuchagua mawe kwenye maharage. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Ukuta wa mama mdogo wako unafikiri uliangushwa na mvua peke yake?"

Nikageuka nikatazama ng'ambo ya mfereji.

"Tulikwangua wote mwaka jana. Mimi nilichukua upande wa kitandani kwake, ndiko marudio yalikuwa mengi. Na yeye alituchinjia kuku." Akafuta macho kwa mkono wenye vumbi la maharage. "Kuubomoa wa kwangu siwezi, baba yako aliufyatua tofali kwa tofali. Wa mwenzio, unajiambia ni kidogo tu. Wamekuja kwangu, ningewafukuza kwa mdomo gani?"

Nilikaa chini, kwenye mavumbi. Hasira zote zilinitoka. Nilitaka kumwambia afungashe twende Iyunga siku hiyohiyo, hata tubanane. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza, ndipo nyumba ikalia.

Ililia kama mti unaokatwa. Ukuta wa chumbani, uliokonda kwa majembe na kulowa kwa tope jipya, ulipinda katikati, ukajikunja, ukashuka wote. Mabati yakafuata. Kitanda cha mama, ambacho alikuwa amekitandika muda mfupi uliopita, kikafunikwa kabisa. Mimi nilipiga ukunga. Mama alishika tu ungo wake wa maharage kwa mikono miwili.

Wanawake walikuja mbio kutoka barabarani, mama mdogo mbele, wanalia "Yuko wapi? Yuko wapi?" Walipomwona mzima, mama mdogo akamkumbatia kwa nguvu, maharage yakamwagika. Wakainua mabati, wakavuta kitanda, godoro, sanduku la nguo. Walifanya kazi ile kwa moyo wote, wengine huku wanalia, na kilio hakikuwa cha uongo.

Vyombo vilipokwisha kutoka, wakasimama. Mbele yao ilikuwa lundo la ukuta mzima, marudio matupu, na hakuna aliyethubutu kulitazama sana. Kila mmoja alitazama miguu yake.

Mama ndiye aliyesema. "Mnangoja nini? Kaleteni ndoo." Akafunga kanga vizuri kiunoni. "Tugawane, tukauze. Nyumba yangu ikajenge na ya mama mdogo." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe acha kushangaa. Shika koleo."

Nikashika koleo, nikaanza upande aliokuwa akilala.