Sitini kwa Mia ya Mardochée

Denise alikuwa na maoni yake kuhusu watu wanaotoa pesa ili wakateleze mlimani, na hakuwa mchoyo wa kuyagawa. Yeye mlima aliukimbia. Mwaka 2002, Nyiragongo ulipopasuka na kumwaga moto wake mjini Goma, alikimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na tangu hapo hakutaka urafiki na mlima wowote. Hata Shard End, mtaa wao wa sasa huko Uingereza, aliupendea hilo: kitu kirefu kuliko vyote kilikuwa ghorofa la halmashauri, na lenyewe halikumwaga chochote ila maji ya bafuni.

Sasa tazama mume wake. Mardochée, mtu mzima, shemasi wa kanisa, ambaye magoti yake yalilia kwa kupanda ngazi tu, alikuwa amefuatana na wenzake wa ghala la vipuri vya magari hadi milima ya Alps, Ufaransa. Wapande kwa miguu, washuke kwa mbao mbili za kutelezea. Tena si kwenye njia zilizosawazishwa zenye walinzi, la, ni kule nyuma ambako theluji haijaguswa na mtu. Mafunzo yake yalikuwa Jumamosi chache kwenye ukumbi wa theluji ya kutengenezwa. Mwenyewe aliita jambo hilo "intégration", yaani kuchangamana na wenyeji. Denise aliliita shibe.

Wenzake Waingereza walimchukua kwa sababu ya Kifaransa chake. Kila jioni, kwenye nyumba ya wageni, ilibandikwa ukutani taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwatafsiria. Alivimba kichwa, utadhani ameteuliwa balozi.

Na kulikuwa na kanisa. Jumapili kabla ya safari alisimama mbele ya washirika, kwenye ukumbi wao pale Castle Vale, mtaa wa jirani, akawekewa mikono na Pasta na wazee wote. Kwa watu wa kanisa lile, ukishaombewa safari, unasafiri. Kurudi njiani ni kuwaambia waombaji kwamba maombi yao yaliishia darini.

Ijumaa jioni akapiga simu. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeshiba jibini.

"Mama Sylvie, kesho tunapanda ule mkubwa."

"Karatasi imesema nini?"

"Tatu."

"Tatu ya nini?"

"Tatu juu ya tano. Njo sitini kwa mia." Alisema kwa fahari, na Denise alijua fahari hiyo ilitoka wapi. Shuleni kwao, mtoto aliyeleta sitini kwa mia nyumbani alichinjiwa kuku.

"Papa Sylvie, hizo alama unamhesabia nani? Ni mlima ndio umefanya mtihani. Umepata sitini kwa mia ya kukuua, na wewe unaupigia makofi."

Mardochée akacheka kidogo, akaacha. Denise akamwambia aende ukutani aisome karatasi yote, hadi chini, kwa sauti. Kumbe hakuwa ameisoma. Aliona namba, akawatangazia wenzake namba, akaenda kula. Sasa akaanza kusoma polepole: upepo wa siku zile umelundika theluji kwenye miteremko inayotazama kaskazini. Juu kuna tabaka gumu, chini yake theluji legevu isiyoshikamana. Uzito wa mtelezaji mmoja unatosha kulimega lile tabaka na kuuporomosha mteremko mzima.

"Na nyinyi mnapanda upande gani?"

Mardochée akaurudia mstari ule wa miteremko.

"Kaskazini," akasema.

"Wenzako uliwaambia hayo?"

"Niliwaambia tatu."

Denise akakaa kwenye kiti cha jikoni. Dharau yote aliyokuwa nayo ilikuwa inaficha hofu. Alimkumbuka kaka yake, Lionel. Moto wa Nyiragongo ulikuwa umeganda juu, mweusi, mgumu, watu wakaanza kuukanyaga wakisema umepoa. Lionel aliombewa na mama yao, akavuka kurudi kuchukua cherehani. Ganda likamegeka. Mardochée alihudhuria msiba ule, msiba usio na jeneza.

"Lakini kanisa limeniombea," Mardochée akasema, kwa sauti ndogo sasa. "Nitawaambia nini?"

"Utawaambia uko hai. Rudi mezani, wasomee wenzako neno kwa neno. Uone haya leo, yataisha."

Jumamosi mchana alipiga tena. Kiongozi wao, aliposomewa yote, alikunja ramani, akafuta safari ya siku hiyo. Wawili walinung'unika, maana jua liliwaka siku nzima na ule mteremko haukutikisika. Denise akasema wanung'unike tu, mtu anayenung'unika anapumua.

Jumapili iliyofuata, Mardochée alishika kipaza sauti Castle Vale atoe ushuhuda, na hapo ndipo aliponogewa. Eti Roho alimsemesha usiku, akamzuia. Kisha theluji ikashuka mbele ya macho yake, ikinguruma, kubwa kuliko ukumbi huu. Watu wakapiga vigelegele. Akaomba aombewe na safari ya mwaka ujao. Pasta, kwa furaha, akamwita Mama Sylvie aje aongeze neno.

Denise alisimama palepale kwenye benchi, hakwenda mbele.

"Bwana asifiwe. Hakuna theluji iliyoshuka. Mume wangu alikuwa hajasoma karatasi, nikamwambia aisome hadi mwisho, akaona aibu kughairi kwa sababu yenu." Akamtazama Mardochée. "Lionel naye tulimwombea."

Akaketi, akamvuta binti yao Sylvie karibu. Mardochée alishusha kipaza sauti. Baadaye akamgeukia Pasta, akamwambia ile safari ya mwaka ujao waiache.